Mgongo wa Kipande Kimoja

Mtu anayeamka Tarakea kabla ya jua katika miezi ya Juni na Julai, wakati ukungu unaposhuka kutoka msituni na kuifunika barabara iendayo mpakani hata taa za pikipiki zisionekane mpaka zifike karibu, hahitaji kuelezwa kwa nini vijana wa bodaboda wa mji huu wameipenda ngozi kuliko vazi jingine lolote. Sweta, hata likiwa zito namna gani, hupenywa na upepo kama chujio lipenywavyo na maji. Lakini upepo huo huo ukikutana na ngozi husimama. Kwa hiyo pale wanapokusanyika kungoja abiria wa kwanza, huku mikono yao ikikumbatia vikombe vya chai, utayaona majaketi ya ngozi ya kila namna: meusi yenye zipu za mshazari, ya kahawia yaliyopauka viwikoni, yenye manyoya shingoni, na zaidi ya yote, yale mafupi ya kahawia yenye mifuko miwili mbele, ukosi uliolala, na sufu iliyofumwa kiunoni na mikononi, ambayo wauzaji wa mitumba huyanadi kwa jina moja tu: jaketi la rubani.

Neno rubani lenyewe ni la baharini. Wazee wa pwani walilipokea kwa Waarabu, wakimwita hivyo mtu aliyeijua njia ya maji, mwenye kukiongoza chombo kipite salama kati ya miamba hadi bandarini; na ndege zilipoanza kukata anga zetu, Kiswahili hakikuhangaika kutafuta neno geni, bali kilimchukua rubani kutoka jahazini kikampandisha mawinguni. Napenda kuikumbuka safari hiyo ya neno kila ninaposikia mnadi akilitamka, maana ni neno la amana: rubani ni mtu ambaye wengine wameweka roho zao mikononi mwake, na vazi lake halikushonwa kwa ajili ya kutazamwa.

Mimi nililinunua jaketi la namna hiyo miaka kadhaa iliyopita, katika mnada mmoja wa mlimani, kwa bei ambayo ingetosha mbuzi mzima wa sikukuu. Muuzaji, kijana mchangamfu aliyekuwa amelivaa yeye mwenyewe ili alinadi, alilivua mbele yangu akanivika mabegani kwa heshima, akasema, "Mangi, hili ni orijino. Hili ni la vita, la rubani wa Marekani. Ona chapa yake." Na kweli palikuwa na chapa: bawa la njano kifuani, nyota mkononi, na mgongoni picha ya ndege iliyopigwa kwa mashine. Nilifurahi kama mtoto. Msimu wa kwanza wa baridi lilinifaa. Msimu wa pili, viwiko vilianza kubabuka magamba membamba kama ya kitunguu, na chini ya magamba hayo pakatokea kitambaa cheupe kilichofumwa. Hapakuwa na ngozi pale hata kidogo. Simlaumu sana kijana yule, kwa sababu naamini naye alikuwa amedanganywa na robota lake. Lakini tangu siku hiyo niliazimia kujifunza jaketi la rubani ni kitu gani hasa, ili anayetaka kulinunua, la kale au la kuigwa, ajue anachokitafuta kwa mkono wake kabla ya kukifuata kwa jicho.

Mteremko wetu huu wa mashariki wa Kilimanjaro unatazamana na nyika ya Taveta, na katika nyika hiyo, mwaka 1916, Waingereza walipokuwa wakijikusanya ili kuwaondoa Wajerumani Moshi, kikosi cha 26 cha Royal Flying Corps, ambacho watu wake walikuwa wa Afrika Kusini, kiliweka ndege zake Mbuyuni. Zilikuwa ndege za mbao na kitambaa, na rubani aliketi wazi, kichwa na kifua chake katika upepo, huku injini ikinguruma. Miaka kumi na minne baadaye, Januari 1930, Mswisi Walter Mittelholzer aliruka juu ya Kibo, kilele cha mlima wetu, akaipiga picha kutoka angani. Hewa hupoa kwa kadiri ya digrii sita na nusu kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda, na Kibo ina mita 5,895. Basi anayetetemeka kituoni Tarakea alfajiri, huku mlima wote ukiwa bado juu yake, anaweza kukisia mwenyewe baridi iliyowakabili watu hao, na asishangae kwamba tangu mwanzo marubani walijifunika ngozi.

Vazi ambalo leo linaigwa kuliko yote lilizaliwa Marekani. Mwaka 1931 kikosi cha anga cha jeshi la nchi hiyo kilikubali rasmi jaketi lililopewa jina fupi la kijeshi, A-2, badala ya lile la A-1 la mwaka 1927 lililofungwa kwa vifungo. Ukilichunguza A-2 utaona kwamba kila kilichomo kina sababu yake. Ni fupi, linaishia kiunoni, kwa kuwa mtu aliyeketi na kufungwa mikanda husumbuliwa na koti refu linalojikunja mapajani. Linafungwa kwa zipu, na nyuma ya zipu hiyo umewekwa ukanda wa ngozi wa kuzuia upepo usipenye katika meno yake. Ukosi una vifungo vya kubonyeza ili usimpige rubani shavuni. Mifuko yake miwili hufunguliwa kwa juu tu, wala haina nafasi ya kuingizia mikono kutoka ubavuni. Sufu iliyofumwa hubana mikono na kiuno ili joto la mwili lisitoke. Ngozi yake kwanza ilikuwa ya farasi, na baadaye ikatumika ya mbuzi pia. Na mgongo wake, jambo ambalo namwomba msomaji alihifadhi, ulikatwa kwa kipande kimoja kutoka bega hadi kiuno, bila mshono wowote katikati.

Mwaka 1943 jeshi liliacha kuagiza A-2 mpya na kuelekea kwenye majaketi ya kitambaa, lakini waliokuwa nayo hawakuyaachia. Waliyachora migongoni, wakaandika majina ya ndege zao na kuhesabu safari zao kwa alama za mabomu. Miongoni mwao walikuwamo marubani weusi waliofunzwa Tuskegee, katika jimbo la Alabama, ambao walivaa ngozi hiyo hiyo juu ya anga za Italia na Ujerumani ilhali nchi yao wenyewe ilikuwa bado inawatenga na weupe ardhini. Na ninapomwona kijana wa Tarakea amelivaa jaketi la sura ile, hao ndio ninaowakumbuka kwanza.

Yako majaketi mengine ya ukoo huo. Liko B-3 la ngozi ya kondoo yenye manyoya yake ndani, lililotengenezwa kwa ajili ya wanaokwenda juu sana. Liko lile la Waingereza linaloitwa Irvin, kwa jina la Leslie Irvin, mtu aliyejulikana kwa kutengeneza miavuli. Na liko G-1 la wanamaji wa Marekani, la ngozi ya mbuzi na manyoya shingoni, ambalo filamu ya Top Gun ya mwaka 1986 ililitangaza duniani kote. Haya siyaelezi sana, kwa sababu anayelifahamu A-2 kwa undani hatashindwa na hayo mengine.

Sasa, jaketi halisi la vita lina umri wa miaka themanini na zaidi. Uzi wake umeoza, ngozi yake imekauka, bitana imechanika kwapani, na vipimo vyake ni vya vijana wembamba wa zamani zile. Lililo zima hununuliwa na makumbusho au na wakusanyaji wenye mali. Ndiyo maana walitokea mafundi wa kuliiga. Wajapani wako mbele katika kazi hiyo, kupitia nyumba kama The Real McCoy's na Buzz Rickson's; Uingereza kuna Eastman, na Uskoti kuna Aero. Mafundi wa namna hii huyachunguza majaketi ya kale mshono kwa mshono, hutafuta uzi wa pamba wa unene ule ule na zipu za chuma za umbo lile lile, kisha hushona upya, na kazi zao bora huuzwa kwa zaidi ya dola 1,000. Watu wengine huona haya kununua kitu cha kuigwa. Mimi sioni haya hata kidogo. Mwigo wa namna hii ni kama mtu anayenakili hati ya kale kwa mkono wake, herufi kwa herufi, na kuandika chini kwamba ni nakala. Amehifadhi elimu, hakumwibia mtu. Ghushi ni kitu kingine: ni kuchora bawa na nyota juu ya plastiki na kuapa kwamba ilikuwa vitani.

Majaketi hayo ya thamani yanaweza kufika kwetu, japo kwa nadra, kwa njia ile ile inayotuletea mashati na suruali. Mtu wa Ulaya au Marekani hufariki, au hunenepa, au huchoka na jaketi lake, likaingia katika robota, likafunguliwa Kiboriloni au katika soko la Memorial pale Moshi, na likaning'inizwa kwenye kamba moja na majaketi ya plastiki ishirini, bei zao zikipishana kwa pesa kidogo tu. Muuzaji hupanga bei kwa mng'ao. Kwa hiyo mnunuzi mwenye maarifa aghalabu hulikuta lililo bora likiwa limeachwa pembeni, kwa sababu limefifia na linaonekana limechakaa.

Anayelichagua na asianze mbele, ambako ndiko kuliko na mapambo. Aligeuze. Kama mgongo una mshono katikati, au umeunganishwa kwa vipande vinne au vitano, basi aliyelitengeneza alitumia mabaki, kwa kuwa kipande kikubwa kisicho na dosari ndicho sehemu ghali ya ngozi yoyote. Kisha atazame mahali palipokatwa, ndani ya mfuko au chini ya ukosi, ambapo ukingo haukukunjwa: ngozi ya kweli huonyesha nyuzinyuzi zilizosongamana kama za gome, na ya plastiki huonyesha tabaka mbili, rangi juu na kitambaa chini. Aitazame ile ya juu kwa karibu. Vitundu vya nywele vya mnyama havikupangwa kwa usawa, vimesongamana hapa na kutawanyika pale, ilhali mashine hurudia umbo moja kila baada ya inchi chache. Aikunje kwa vidole viwili: ngozi hujikunja mikunjo midogo midogo na rangi yake hubadilika kidogo, kisha hurudi. Na ainuse, ingawa siku hizi wapo wanaopuliza marashi ya ngozi, kwa hiyo pua isipewe hukumu ya mwisho. Ahadhari pia na ile ngozi ya unga, yaani mabaki yaliyosagwa na kugandishwa kwa gundi, ambayo muuzaji anaweza kuapa kwa haki kwamba ni ngozi, na bado ikapasuka kama udongo wa kiangazi.

Zipu ya shaba au chuma iliyogoma si hoja kubwa ya kulikataa. Fundi ataibadilisha, na sufu iliyoliwa na nondo hufumwa nyingine. Lisilotengenezeka ni ngozi iliyokauka mpaka ikapiga ufa begani. Hapo usidanganyike na kiwi, maana kiwi huficha ufa kwa wiki mbili.

Kuhusu kipimo, makosa ni mengi kuliko yanavyofaa kuwa. Kwa kuwa jaketi hili lilikatwa kwa mtu aliyeketi, kwapa zake ziko juu na kiuno chake kiko juu, na asiyelizoea hudhani limemwia dogo, akachukua linalomfunika makalio, akapoteza sura na joto pamoja. Lipime likiwa limelala juu ya meza, kutoka kwapa hadi kwapa, uzidishe mara mbili, ulinganishe na kifua chako. Likizidi kwa inchi nne au tano, linatosha kuvaliwa na sweta moja ndani. Kisha livae, uketi kama uliyepanda pikipiki, unyooshe mikono mbele. Likikuacha viganja wazi hadi nusu ya kigasha, halikufai, hata kama umelipenda kiasi gani.

Lakini jambo lililonikalia moyoni katika utafiti wangu huu si la Marekani wala Japani. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30. Ukiondoka Tarakea ukashuka kwa barabara ya Mkuu na Marangu hadi Himo, unafika mahali penye kiwanda cha ngozi. Ukiendelea hadi Moshi, unakikuta kiwanda kikubwa cha Karanga, ambacho ni ubia baina ya Jeshi la Magereza na mfuko wa hifadhi ya jamii wa PSSSF, kinachotoa viatu na bidhaa nyingine za ngozi. Magome ya kulainishia ngozi nayo hatukuyakosa: Njombe kuna mashamba ya miwati yaliyopandwa kwa ajili hiyo tangu zama za Waingereza, na kabla ya hapo magome ya mikoko ya Rufiji yalipakiwa vyomboni kwenda nje kwa kazi hiyo hiyo. Kudabaghi ngozi kwa magome huchukua wiki nyingi, wakati dawa ya kromu humaliza kazi kwa muda mfupi. Lakini wapenzi wa majaketi ya kale huisifu ngozi ya magome kwa jinsi inavyobadilika rangi na kujikunja kwa umbo la mwenye kuivaa, hata jaketi la mtu likajulikana ni lake bila kuandikwa jina. Tuna mnyama, tuna gome, tuna baridi, na tuna mafundi wa cherehani wasioshindwa na mshono wowote. Mbona basi vijana wetu wanavaa plastiki?

Swali hilo nilimpelekea fundi mmoja mzee anayeshona mikoba na kutengeneza viatu, mtu niliyezoea kumwita Meku kwa umri wake. Hakunijibu kwa maneno mengi. Alivuta ngozi ya ng'ombe iliyokuwa imekunjwa kwenye kona, akaitandaza sakafuni, akanionyesha kwa kidole. Hapa pametobolewa na kisu cha mchunaji aliyekuwa na haraka. Pale pana makovu ya kupe, kama alama za ndui. Huku mistari mirefu, ya miiba. Na katikati kabisa, pale ambapo ngozi huwa nene na pana, palikuwa na chapa ya moto, herufi mbili kubwa kama kiganja, zilizounguza mpaka upande wa pili. "Wewe unataka mgongo wa kipande kimoja," alisema. "Nikate wapi, baba?"

Nilitazama nisione pa kukata. Mfugaji aliyepiga chapa ile alikuwa akimlinda ng'ombe wake na wezi, na hakuna aliyemwambia kwamba angeweza kuiweka chini, mguuni au shavuni, mahali pasipo na thamani kwa mshonaji. Wala mchunaji hakulipwa senti moja zaidi kwa kuchuna taratibu. Wala ngozi haikutiwa chumvi mapema kabla haijaanza kuoza. Hasara ya jaketi huanza zizini, miaka mitatu au minne kabla ya mkasi. Nami naona kwamba serikali, vyama vya wafugaji na wenye machinjio wangefanya kazi kubwa kama wangempa mfugaji bei iliyo tofauti kwa ngozi iliyo safi, maana mtu hulinda kile anacholipwa.

Fundi hakuikataa kazi. Alichukua lile jaketi langu lililobabuka, nililokuwa nimemletea kwa ajili ya kipimo, akalifumua mshono kwa mshono kwa wembe, akavitandaza vipande vyake juu ya karatasi ya mifuko ya saruji na kuvichora kwa kalamu ya risasi: mikono miwili, mbele mbili, ukosi, mifuko, ukanda wa zipu. Alipofika mgongoni, uliokuwa na vipande vitatu, aliviweka pamoja ubavu kwa ubavu akachora mstari mmoja kuvizunguka vyote, kisha akaniambia nitafute ngozi. Nilizunguka kwa majuma kadhaa, machinjioni na kwa wanunuzi wa ngozi, hadi ng'ambo ya mpaka Loitokitok, ambako Wamaasai huleta mifugo yao sokoni, nikigeuza ngozi moja baada ya nyingine na kuzitazama mgongo kwanza.

Niliyoipata hatimaye ni ya ndama mkubwa, nyembamba kuliko nilivyotaka, na upande wa kushoto ina tundu la kisu ambalo Meku anasema litaangukia kwapani na kufichwa na mshono. Imekwisha kudabaghiwa na kurudi, ina rangi ya chai isiyo na maziwa. Mgongo wake haukuguswa na moto. Tuliulaza juu ya ile karatasi ya saruji, na mstari wa kalamu ukaingia wote ndani, ukabakiza vidole viwili kila upande.